Vitabu vya Vita Havitaondolewa Kabatini



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaoifuatilia tafakari hii kila juma, nawasalimu katika mwezi huu wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea marehemu. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya toharani. Nitaifikia, lakini leo nitapita njia nyingine, kwa sababu limezuka jambo katika parokia yetu ambalo nisingependa liishie katika minong'ono ya nje ya kanisa baada ya Misa.

Wengi wenu mnajua kwamba mjane wa mwalimu mmoja mstaafu, aliyetutoka mwaka uliopita, alituletea makasha mawili ya vitabu vya marehemu mumewe ili viwekwe katika kabati la maktaba ya parokia. Marehemu alikuwa msomaji hodari wa historia, na hasa historia ya vita: vita vya majeshi ya nchi kavu, vita vya manowari, na vita vya marubani angani. Vitabu hivyo havijamaliza hata mwezi kabatini, nami nimekuta katika sanduku la maoni barua isiyo na jina. Mwandishi wake anadai kwamba vitabu hivyo vinafundisha kuua, kwamba nyumba ya Mungu si mahali pa kuhifadhi habari za bunduki, na kwamba ni aibu kwa paroko kuonekana akisoma kitabu chenye picha ya ndege ya kivita kwenye jalada. Baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Walei wameniambia, kwa upole na kwa heshima, kwamba wanakubaliana na barua hiyo. Mmoja alipendekeza vitabu vichomwe pamoja na matawi makavu ya Jumapili ya Matawi, tutakapoandaa majivu ya Kwaresima.

Nawajibu hadharani kwa kuwa hoja imeletwa hadharani. Vitabu havitachomwa wala havitaondolewa. Nitaeleza sababu zangu, na nikiisha kuwajibu wanaovichukia nitageuka kuwajibu wanaovipenda kupita kiasi, nikianza na mimi mwenyewe.

Mosi, tuitazame hoja ya kwamba habari za vita hazina nafasi katika nyumba ya Mungu. Ndugu zangu, tukiifuata hoja hiyo hadi mwisho wake, itatubidi tuchukue mkasi na kuanza kukata Biblia. Tutaanza na Yoshua na Waamuzi, tutaendelea na Samweli na Wafalme, na tutakapofika kwenye vitabu viwili vya Wamakabayo hatutabakiza hata ukurasa mmoja. Na hivyo vya Wamakabayo sisi Wakatoliki tunavitetea mbele ya ndugu zetu Waprotestanti kuwa ni Neno la Mungu! Mwandishi wa Kitabu cha Pili cha Wamakabayo anatueleza waziwazi kwamba alichofanya ni kufupisha kazi ya vitabu vitano ya mtu aliyeitwa Yasoni wa Kirene. Maana yake ni kwamba alikuwa na historia ndefu ya vita mezani pake, akaisoma yote, akatokwa jasho kuifupisha, na Roho Mtakatifu hakuona aibu kuitumia kazi yake.

Na ni nini tulichokipata humo? Tumepata mojawapo ya misingi ya Maandiko ya ibada yetu ya mwezi huu. Katika sura ya 12 tunasoma kwamba baada ya mapigano Yuda Makabayo na watu wake walirudi kuzika maiti za wenzao. Chini ya mavazi ya waliokufa wakakuta hirizi za miungu ya Yamnia, kitu kilichokatazwa na Sheria. Yuda angeweza kulificha jambo hilo, kwani majemadari wengi hupenda mashujaa wao wasiwe na doa. Angeweza pia kuwaacha marehemu hao na laana yao. Hakufanya hili wala lile. Alichangisha drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Kila mnapoleta nia ya Misa kwa ajili ya marehemu, mnatembea katika njia iliyoonyeshwa na jemadari huyo, katika kitabu cha vita. Anayetaka vitabu vya vita vitoke kanisani na atuambie kwanza ni wapi pengine angeipata habari ya sadaka hiyo.

Pili, inasemekana kwamba vitabu hivi vinafundisha kuua. Mimi nauliza: ni nani aliyejifunza kuua kwa kusoma kurasa mia nne za maandishi madogo? Vijana wetu hawahitaji kabati la parokia ili waione vita. Wanayo simu mfukoni. Humo wanatazama ndege zisizo na rubani zikimfuata mtu aliye peke yake shambani, huku mtengenezaji wa picha hiyo ameipamba kwa muziki wa kuchezea. Picha hiyo haina jina la mtu, haina chanzo cha ugomvi, haina mama aliyeletewa habari, na haichukui hata dakika moja. Kitabu kizuri cha historia hufanya kinyume chake. Humlazimisha msomaji akae, apate kujua nani alianza, kwa nini, nani alitoa amri, nani alibeba mzigo, wangapi hawakurudi, na nini kilichobaki. Tukikiondoa kitabu hatutakuwa tumeiondoa vita katika akili za vijana. Tutakuwa tumewaachia ile picha ya simu peke yake.

Tatu, kusahau hakuleti amani. Wangapi kati yetu tumewahi kwenda Kariakoo pale Dar es Salaam kununua viatu vya Komunyo ya Kwanza au vitambaa vya kwaya? Jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na wenzetu wa Nairobi wanalo la kwao, Kariokor, lenye asili hiyo hiyo. Mamia ya maelfu ya wanaume wa nchi zetu walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, ili wabebe kichwani chakula, risasi na wagonjwa wa majeshi. Walihitajika kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, na barabara za magari hazikuwapo. Mnyama alipokufa, mzigo ulihamia kichwani pa mtu. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga usioiva uliopikwa haraka kambini na watu waliochoka. Hawa ni babu zetu. Tunapita juu ya jina lao kila siku tukibishana bei, nasi tunaambiwa kwamba kusoma habari zao ni jambo lisilomfaa Mkristo!

Hadi hapa nadhani wapenzi wa vitabu vya vita wananishangilia. Basi waache kidogo, maana sasa ni zamu yetu.

Nilipokuwa seminarini nilipenda mno habari za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii. Nilikuwa naweza kuyasimulia mapigano ya Tanga ya mwaka 1914 kana kwamba nilikuwapo: jinsi manowari za Waingereza zilivyofika tarehe 2 Novemba zikiwa na jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, jinsi Lettow-Vorbeck, akiwa na watu wapatao 1,000 tu, alivyowarudisha baharini, jinsi nyuki walivyotoka katika mizinga yao wakati ile mizinga mingine ikinguruma, wakawauma askari wa pande zote mbili, na jinsi washindwa walivyoondoka wakiacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Tulicheka sana habari ya nyuki. Nilijua vilevile kwamba huyo bwana hakukamatwa kamwe, kwamba alizunguka hadi Msumbiji na kurudi, na kwamba aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Nilimwona kuwa mwamba.

Nilijua hayo yote, lakini sikujua jina la mpagazi hata mmoja. Sikuwa nimejiuliza jeshi hilo lilikula nini kwa miaka minne. Lilikula kilichokuwa ghalani mwa wenyeji. Daktari wa jeshi hilo hilo, Ludwig Deppe, alikiri baadaye katika maandishi yake kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Huko Ugogo, mahali ambapo majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume, ilifuata njaa kubwa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, na iliendelea hata baada ya vita kwisha. Kamanda naye alirudi kwao Ujerumani akapokewa kwa shangwe, akaandika kitabu cha kumbukumbu, na mwaka 1920 akatoa kingine kwa ajili ya vijana, jina lake Heia Safari! Tazameni, ndugu zangu: neno letu wenyewe, safari, limekuwa jina la kitabu cha kuwafurahisha vijana wa Ujerumani, na kwa wale waliobeba mizigo ya safari hiyo halikuwa neno la furaha hata kidogo. Alikufa mwaka 1964 akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini. Wapagazi wake wengi hata kaburi hawana.

Hapa ndipo lilipo kosa letu sisi wapenzi wa vitabu hivi, na sitaki kulipamba. Tunasoma tukiwa tumeketi begani pa jemadari. Tunaitazama ramani kwa macho yake, tunaona mishale na vibendera, na tunasema "tulishinda" au "tulishindwa". Tulishinda sisi akina nani? Mwezi Oktoba 1917 pale Mahiwa, katika eneo la Lindi, yalipiganwa mapigano makali kuliko mengine mengi ya vita hivyo, na kwa sehemu kubwa waliokuwa wakiuana walikuwa Waafrika: askari wa nchi hii kwa upande wa Wajerumani, na kwa upande wa Waingereza askari waliotolewa hadi Nigeria. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo huumia. Hapa nyasi zilipewa bunduki na kuambiwa zipigane zenyewe kwa zenyewe.

Kijana mmoja wa VIWAWA aliazima kitabu cha marubani katika lile kabati. Alipokirudisha nilimwuliza amepata nini. Akanitajia papo hapo, bila kusita, idadi ya ndege zilizoangushwa na rubani mmoja, kama mtu anayetaja magoli ya mshambuliaji wa timu yake. Nikamwuliza: ndani ya ndege hizo mlikuwa na watu wangapi? Akanyamaza. Simlaumu kijana yule, kwa maana nilikuwa hivyo hivyo. Nawaambieni tu kwamba mwandishi wa ile barua isiyo na jina, ijapokuwa amekosea dawa, ugonjwa ameuona.

Ugonjwa huo ni mbaya zaidi katika habari za angani, na nawaomba mnivumilie hapa, kwa kuwa jambo lenyewe linaligusa Kanisa moja kwa moja. Askari wa nchi kavu mara nyingi humwona anayempiga. Rubani wa ndege ya mabomu huona taa, moshi na saa yake. Katika Vita Kuu ya Pili kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza wanaanga 55,573, wengi wao vijana wenye umri wa wanafunzi wetu wa vyuo. Anayesoma habari zao asipoguswa na ushujaa wao ana moyo wa jiwe. Lakini ni kikosi hicho hicho kilichoteketeza mji wa Hamburg mwezi Julai 1943 na kuua makumi ya maelfu ya raia, katika operesheni ambayo waliopanga waliipa jina la Gomora. Waliijua Biblia vya kutosha kupata jina, wakajitwalia mamlaka ambayo katika Kitabu cha Mwanzo ni ya Mungu peke yake, tena baada ya Ibrahimu kuomba na kujadiliana naye kwa ajili ya wenye haki. Msomaji anayebaki na ushujaa tu amesoma nusu ya kitabu. Anayebaki na moto tu, akamwona kila rubani kuwa shetani, naye amesoma nusu ya kitabu.

Tarehe 9 Agosti 1945 ndege ya Marekani iliyoitwa Bockscar ilikuwa na amri ya kuangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Kokura. Kokura haukuonekana vizuri, hivyo ndege ikageukia Nagasaki. Bomu lililipuka saa tano na dakika mbili asubuhi juu ya mtaa wa Urakami, mita 500 hivi kutoka kanisa kuu lililokuwa limejengwa na wajukuu wa Wakristo walioificha imani yao kwa zaidi ya miaka 200 ya dhuluma bila hata padre mmoja. Ndani ya kanisa watu walikuwa wakiungama, wakijiandaa kwa sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Hakuna aliyetoka hai, wala waungamaji wala mapadre. Inahesabiwa kwamba kati ya Wakatoliki 12,000 wa mtaa ule walikufa karibu 8,500. Na rubani aliyeiongoza ndege ile, Charles Sweeney, alikuwa Mkatoliki.

Katika ndege nyingine iliyofuata kutazama tukio alikuwamo Mwingereza, Leonard Cheshire, rubani mwenye nishani ya juu kabisa ya nchi yake, aliyeipata kwa safari 100 za kivita. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kitabu juu ya maisha ya rubani wa mabomu wakati vita vikiendelea, mwaka 1943, nacho kilisomwa sana. Baada ya vita mtu huyu alimchukua nyumbani kwake mgonjwa mmoja aliyekuwa akifa na asiye na pa kwenda, akamuuguza kwa mikono yake, na mwaka 1948 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Kutoka katika chumba kile cha mgonjwa mmoja zimeenea nyumba za watu wenye ulemavu zenye jina lake katika nchi nyingi, ikiwamo Kenya. Na kule kisiwani Tinian, zilikotoka ndege zile, alikuwapo kasisi wa kijeshi, padre mwenzangu George Zabelka, aliyewahudumia wanaanga Wakatoliki kwa Misa na sakramenti. Miaka mingi baadaye alisimama mbele ya watu na kukiri kwamba kosa lake lilikuwa kunyamaza. Alijua kwamba raia wanachomwa mijini, akaendelea na Misa zake kana kwamba jambo hilo halihusiani na altare. Tangu nilipoisoma habari yake, kila ninapoandaa mahubiri najiuliza ni jambo gani ninalolijua na ninalolinyamazia.

Sasa niambieni: kama ningevifunga vitabu vya wanaanga nikiwa seminarini kwa kuogopa dhambi, ningekutana wapi na Cheshire na Zabelka? Na kama ningeendelea kuvisoma kwa kuhesabu ndege zilizoanguka, ningewaona kweli, hata kama majina yao yangepita mbele ya macho yangu?

Najua lipo pingamizi jingine, nalo linatoka kwa watu ninaowaheshimu sana. Wanasema: Baba Paroko, kwa maneno haya unawavunjia heshima askari wetu. La hasha! Kanisa halijawahi kumdharau askari. Yohane Mbatizaji hakuwaambia askari waliomjia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu na watosheke na mishahara yao. Kila Misa, kabla ya kukomunika, tunarudia maneno ya unyenyekevu ya afisa wa jeshi la Kirumi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, unamwona askari anayetimiza wajibu wake vema kuwa mtumishi wa usalama na uhuru wa mataifa. Lakini hati hiyo hiyo, hatua chache mbele, inalaani kuwa ni kosa la jinai dhidi ya Mungu na binadamu kila tendo la kivita linaloteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake bila kubagua. Mambo hayo mawili yamewekwa jirani kwa makusudi, na anayelichukua moja na kuliacha lingine hajaufuata Mtaguso.

Nchi yetu yenyewe inafahamu vita ya kujilinda ni nini. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua na kupora raia, na tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Mwaka 2017 vijana wetu zaidi ya kumi waliuawa kwa shambulio moja huko Kongo ya mashariki wakiwa walinda amani. Sitakubali mtu yeyote awadharau.

Katika parokia hii yupo mzee aliyekwenda Kagera na kufika mpaka Kampala. Mwaka jana, kwenye matanga, vijana walimzunguka wakamwuliza aliua maadui wangapi. Mzee aliwatazama kwa muda, akaomba maji ya kunywa, akaondoka kabla chakula hakijaletwa. Nayasema haya kwa ruhusa yake. Kila mwaka, Novemba inapoanza, huja ofisini na bahasha ya nia ya Misa, na nia yake ni ile ile: marehemu wa vita, wa pande zote mbili. Nilipomwuliza kwa nini pande zote mbili, alinijibu kwamba alizika watu wa upande wa pili kwa mikono yake, nao walikuwa na picha za watoto wao mifukoni. Mzee huyu hajawahi kuazima kitabu chochote cha vita, wala hahitaji. Lakini anajua namna kinavyopaswa kusomwa kuliko mimi niliyesoma vingi, na Yuda Makabayo angemwita ndugu.

Kwa hiyo naamua kama ifuatavyo, na nawaomba Halmashauri Walei wanisaidie kulitekeleza. Vitabu vya marehemu mwalimu vitabaki kabatini, na atakayevitaka ataviazima kama vitabu vingine. Watoto ambao hawajapata Kipaimara wataazima kwa idhini ya wazazi wao. Kila anayeazima kitabu cha vita atakaporudisha ataandika katika daftari mambo mawili tu: jina la mtu mmoja aliyekufa humo, na kama jina halipo, basi kundi la watu waliokufa bila kutajwa majina. Asiyeweza kuyaandika hayo atakuwa hajamaliza kusoma. Arudi nacho nyumbani. Daftari hilo litawekwa chini ya altare katika Misa za Novemba, na tutawaombea wote waliomo, Mjerumani na Mwingereza, Mjapani na Mmarekani, mpagazi wa Kariakoo na askari wa Mahiwa, Mtanzania na Mganda. Hiyo ndiyo toharani niliyokusudia kuwaandikia tangu mwanzo: kuamini kwamba hata aliyekufa na hirizi chini ya vazi lake hajatoka nje ya mikono ya Mungu, na kwamba sala yetu inaweza kumfikia.

Na kwako wewe unayevipenda vitabu hivi kama mimi, nakuachia kipimo cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona, na alipokuwa kitandani aliomba aletewe hadithi za mashujaa na mapanga yao. Nyumbani hazikuwapo, akaletewa Maisha ya Kristo na habari za watakatifu. Humo ndimo alimoanza kutambua tofauti: ndoto za ushujaa zilimfurahisha kwa muda, kisha zikamwacha mkavu; mawazo juu ya Kristo yalimfurahisha, na furaha ikabaki. Fanya nawe hivyo. Ukikifunga kitabu cha vita, subiri kidogo ujichunguze. Kama kilichobaki moyoni ni hamu ya kuona watu wakianguka, kiweke chini ukaungame. Kama kilichobaki ni huzuni kwa waliokufa, hofu takatifu ya kile mwanadamu awezacho kufanya, na hamu ya kumwombea mtu ambaye hukuwahi kumjua, basi umesoma vema, endelea.

Namwomba pia mwandishi wa ile barua aje anione. Sitamuuliza kwa nini hakuweka jina. Nitamwonyesha kabati, nitampa kitabu kimoja kinachohusu wapagazi, na nitamwomba awe wa kwanza kuandika katika daftari letu.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wote wa vita, na atujalie amani sisi tulio hai. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.

Wenu katika Kristo,
Paroko